Uso Chini ya Kiwiko cha Narjis

Yule ofisa aliimaliza kahawa yake yote kabla ya kusema kilichomleta, na hilo ndilo lililomtia Arpine hofu. Watu wa serikali waliozoea kuja pale dukani, wa leseni na wa usafi, walikuwa na haraka. Walitaka walichotaka, wakapewa, wakaenda zao. Huyu alikaa. Alivua tarbushi yake akaiweka gotini, akazitazama picha za ukutani moja baada ya nyingine, wacheza sinema, na maharusi, na makarani waliotaka kufanana na wacheza sinema. Akaisifu kahawa. Akauliza kama madamu ndiye aliyeipika.

"Ndiye," Onnig akajibu kwa niaba ya mkewe. "Mikono yake ina baraka, bwana."

Ofisa alisema jina lake ni Medhat, bila cheo wala idara. Akatoa gazeti ndani ya koti, na Onnig akaanza kutabasamu kabla halijafunguliwa, maana alilijua. Lilikuwa gazeti la sinema la wiki ile, na ukurasa wa tatu ulikuwa na picha yake: Narjis Wasfi, mcheza sinema, akishuka garini mbele ya sinema Jumatatu usiku, manyoya yakiteleza begani, mkono mmoja ameuinua kuwapungia watu. Chini yake, kwa herufi ndogo kama chawa, liliandikwa jina la Onnig. Miaka kumi na minane alikuwa amesimama kwenye barabara ile ya masinema, akiwapiga picha wapita njia wasiojua, kisha akiwatia mkononi kikaratasi chenye namba ili kesho yake waje wajitafute kwenye ubao wa dukani. Wengi hawakuja. Sasa jina lake lilikuwa limechapwa Kairo nzima, na tangu Ijumaa alikuwa amenunua nakala sita.

"Picha nzuri," Medhat akasema. "Lakini huyu bibi si wangu. Mimi namtaka huyu."

Akaweka ukucha chini ya kiwiko cha Narjis. Pale, nyuma ya kamba, kati ya vichwa vya watu, palikuwa na uso wa kijana. Katika karatasi ya gazeti ulikuwa madoadoa tu.

Wote pale mtaani walijua yaliyotokea Jumatatu ile. Filamu ikiwa katikati, mtu alimwaga karatasi za kumtukana mfalme kutoka roshani, zikawaangukia mabwana wakubwa na wake zao mapajani. Taa zilipowashwa, roshani ilikuwa tupu. Medhat alieleza polepole, kama anayemsimulia mgonjwa, kwamba muuza tiketi mmoja alimwona kijana kwa mgongo akipenya pamoja na msafara wa Narjis, na kwamba kijana huyo hakuwa na tiketi. Gazetini uso hausomeki. Kwenye negatifu yenyewe, ile filamu ya kamera iliyozaa picha, utasomeka.

Onnig akakohoa. Akaomba apewe muda mpaka kesho adhuhuri, ajichapie nakala chache kwanza, kwa kuwa negatifu ile ndiyo iliyomtoa gizani baada ya miaka yote hiyo, na vitu vikiingia ofisini huwa havirudi, bwana amsamehe kwa kusema hivyo. Medhat hakukasirika. Aliinuka, akasogea mpaka ukutani, akakisoma kibali cha ukaazi kilichotundikwa ndani ya fremu, kama mtu asomaye barua ya rafiki.

"Kinaisha Machi, khawaja," akasema, kwa jina waliloitwa wageni wote.

"Machi, bwana. Mungu akipenda."

"Mungu akipenda, na sisi tukipenda. Kinapita mezani kwetu." Akavaa tarbushi. "Kesho adhuhuri basi. Nami nitapigwa picha. Mke wangu analalamika hana picha yangu hata moja."

Alipotoka, Onnig alibaki ameushika mlango uliokwisha kufungwa. Kisha akasema kwamba mtu mwenyewe ni muungwana, hakupiga hata kelele. Arpine akaviondoa vikombe.

---

Kazi ya Arpine ilikuwa kuwasafisha watu. Meza yake ilikuwa dirishani, ina kioo cha kulalia negatifu na kioo kingine chini cha kurushia jua, na juu yake penseli zilizochongwa mpaka zikawa kama sindano. Kwa penseli alifuta makunyanzi, madoa ya ndui, usiku wa kukosa usingizi. Vijana walimletea picha za wacheza sinema wakamwambia, madamu, nifanye hivi. Akawafanya. Alikuwa mwanamke asiyesema sana, na watu walidhani ni kiburi.

Aliiweka negatifu ya Narjis juu ya kioo, akainama na kioo cha kukuzia. Uso ule haukuzidi punje ya dengu. Lakini alikuwa amesoma nyuso kinyume kwa miaka mingi, pale ambapo cheupe ni cheusi na cheusi ni cheupe, na kinyume alimtambua mtu upesi zaidi kuliko kwenye picha. Nyusi zilizoungana juu ya pua. Masharubu yaliyoota vibaya upande wa kushoto.

Alikuwa Wagdi, wa ghorofa ya tatu.

Kisha akajifunga kitambaa kichwani, akapanda ngazi.

Insaf, mama yake Wagdi, alikuwa ameketi sakafuni akichambua majani ya mlenda, na cherehani yake nyuma yake ikiwa imefunikwa. Alikuwa mjane, mnene, mcheshi, mwenye ulimi uliowaogopesha wachuuzi. Alimwona Arpine mlangoni akamwambia aingie, asisimame pale kama mdai kodi. Kisha akamtazama vizuri, na majani yakamponyoka mkononi.

"Wamekuja kwako," akasema.

"Umejuaje?"

"Juzi mtoto huyu kaniambia. Tangu juzi sijameza kitu." Akageuza kichwa kuelekea chumbani. "Toka, mwanasheria. Mama Vahe amekuja. Toka umwonyeshe ulivyotunyanyua."

Wagdi akatoka. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, mwanafunzi wa sheria, mwembamba, na mkononi alikuwa na mkoba ambao tayari ulikuwa umefungwa. Alimwamkia Arpine kwa adabu akamwita mama mdogo, kama alivyomwita tangu utotoni. Insaf akaeleza kwamba wanamsafirisha Tanta kwa mjomba wake kwa treni ya saa kumi, akae shambani hata mwaka, ale vitunguu na akili zimrudi.

Arpine aliutazama ule mkoba. Alikumbuka siku arobaini za homa, baada ya kumzaa Vahe, alipolala hajui mchana wala usiku, na mwanamke huyu akishuka ngazi na mtoto wake kifuani upande mmoja, akamchukua Vahe upande wa pili. Wawili wale walinyonya ziwa moja. Insaf hakuwahi kumsimbulia, hata walipogombana kwa maji ya kufulia. Alisema tu mbele ya watu, kila alipotaka, kwamba ana watoto wawili wa kiume na mmoja ni Mwarmenia.

"Asiende," Arpine akasema.

Wote wawili wakamtazama.

"Stesheni wanaangalia. Na akiondoka leo bawabu atamwona na mkoba, kesho atasema. Mtu anayekimbia hutafutwa. Uso wake nimeushika mimi, dada. Nipe asubuhi moja. Nikimaliza, hata wewe uliyemzaa hutamjua."

Insaf akamshika mkono, vidole vyake bado vina utelezi wa mlenda. "Una hakika, Arpine?"

"Nina hakika."

Wagdi aliutazama mkoba, akamtazama mama yake. Kisha akaufungua, akaanza kutoa mashati moja moja na kuyarudisha kabatini.

---

Jumapili hawakwenda kanisani. Onnig alitembea huku na huko nyuma ya kiti cha mkewe, akizungumza kwa sauti ya chini, kwa Kiarmenia, ingawa dukani hapakuwa na mtu.

"Wakigundua tutaondoshwa. Na sisi tukiondoshwa tunakwenda wapi? Mgiriki ana kwao. Mtaliana ana kwao. Niambie wewe, meli itatushusha wapi?"

Arpine alikuwa akichonga penseli.

"Si mtoto wetu," Onnig akasema.

"Vahe alinyonya wapi?"

Onnig akageuka. Alikwenda mpaka kwenye pazia la chumba cha giza, akarudi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kuomba kila mwaka ruhusa ya kuwapo. Hatimaye alisema jambo moja tu, akitazama pembeni kwa aibu.

"Basi penseli peke yake. Kisu cha kukwangulia usikiguse. Penseli inafutika, kisu hakifutiki, na hiyo ndiyo negatifu pekee yenye jina langu. Gazeti linaweza kuitaka tena."

Jua likaingia kwenye kioo cha chini, na Arpine akaanza. Alipaka dawa ya kushika risasi ya penseli, akasubiri ikauke, kisha akagusa, nukta juu ya nukta, pumzi ameizuia. Kila alipogusa, picha itakapochapwa pangekuwa peupe. Aliyaondoa masharubu. Alizitenganisha nyusi. Alilipandisha paji la uso, akalijaza shavu lililobonyea, akaulainisha ule mfupa wa taya ambao Wagdi aliurithi kwa marehemu baba yake. Hakuwaza sura ya mtu yeyote. Mkono ulikwenda wenyewe, kama unavyokwenda mkono wa mama akimchana mwanawe nywele, na ulijua pa kupita.

Onnig akachapa nakala moja ndogo. Wakaisogeza dirishani, wakaitazama wakiwa wamegusana vichwa.

"Hafanani na mtu," Onnig akasema. "Ni kijana tu. Wako elfu."

Adhuhuri ilipofika Medhat akaja. Aliipokea negatifu ndani ya bahasha bila hata kuitazama, akaketi kwenye kiti cha wateja, akanyoosha tai. Onnig akampiga picha nne. Mara mbili Medhat alimwambia asimame upande mwingine, na mara ya tatu akamwagiza amfute vumbi viatu, kwa kuwa viatu vingeonekana. Onnig akapiga goti akavifuta kwa kitambaa cha lenzi. Viatu havikuonekana katika picha yoyote. Medhat alipokuwa akiondoka alimwinamia Arpine kidogo, akajishika chini ya shavu.

"Hiki kidevu cha pili, madamu. Nasikia una mkono mwepesi. Nipunguzie."

Akampunguzia. Jumatatu mjumbe akaja kuchukua picha, na siku ile ikapita, na Jumanne ikapita. Insaf alishuka na kikapu cha machungwa, akaketi dukani akawacheka wateja, akamwambia karani mmoja kwamba hata madamu ana mipaka, pua ile ni kazi ya mwashi. Arpine akacheka mpaka akashika mbavu. Wagdi alirudi chuoni. Usiku walisikia nyayo zake juu, akisoma huku anatembea.

---

Jumatano mchana walikuwa mezani, katika chumba kilicho nyuma ya duka, Onnig, Arpine na Vahe. Vahe alikuwa mwonyesha viti katika sinema ile ile, kazi ya kushika kurunzi na kunyoa kila siku, kwa kuwa bwana mwenye sinema hakutaka nywele usoni mwa wafanyakazi. Alipenda kazi yake. Aliweza kuwaigiza wacheza sinema wote, hata Narjis, jinsi anavyokaa na jinsi anavyokasirika, na alikuwa ndiyo kwanza ameanza kumwigiza wakati pazia la mlango liliposogezwa.

Medhat aliingia na watu wawili. Safari hii hakukaa. Alitandaza mezani, kati ya sahani, picha kubwa kama sinia.

Vahe ndiye aliyeitazama kwanza. Uso wake ukachangamka.

"Ni mimi," akasema. "Baba, mbona hukuniambia umenipiga? Na Narjis yuko hapo hapo juu yangu."

Arpine aliitazama ile picha kubwa. Lilikuwa paji la Vahe. Lilikuwa shavu la Vahe, na taya lile alilolifuta maziwa na jasho na machozi kwa miaka ishirini. Katika punje ya dengu halikuonekana. Katika sinia lilimtazama.

"Ahsante, kijana," Medhat akasema kwa upole. "Umetupunguzia kazi. Wewe ndiye mwenye zamu ya roshani, si ndiyo? Ndiye mwenye ufunguo wa mlango wa nyuma."

"Ndiyo, bwana." Tabasamu la Vahe lilikuwa bado halijaondoka, lilikuwa limesahauliwa usoni. "Lakini mimi nilikuwa ndani. Nje sikutoka. Mimi sikuwa nje, Baba, au nilitoka?"

Mmoja wa wale watu akamshika Vahe kwapani. Onnig akainuka, akaketi, akainuka tena. Akasema bwana, bwana, hapana. Kwenye ngazi zilisikika kandambili za Insaf. Aliingia na bakuli la mchele wa maziwa mikononi, mdomo tayari umefunguka kwa maneno, akasimama papo hapo alipokuwa.

"Si yeye," Arpine akasema. "Uso huo nimeuchora mimi."

"Kila mama angesema hivyo."

"Nimeuchora kwa penseli. Huyo si mwanangu."

Medhat alitaka kucheka. Kisha mkono wake ukapanda wenyewe mpaka chini ya kidevu, ukakaa hapo, na kicheko hakikutoka. Alimtazama Arpine kwa muda mrefu, kwa mara ya kwanza kama mtu anayemwona. Akatoa bahasha, akaichomoa negatifu, akaiinamisha dirishani. Juu ya ule uso mdogo risasi ya penseli ikang'aa kidogo kama jasho.

"Penseli inafutika?" akauliza.

Arpine akamtazama mumewe.

"Khawaja, inafutika?"

"Inafutika," Onnig akasema.

Medhat akaenda mwenyewe mpaka meza ya dirishani, akaiweka negatifu juu ya kioo. Akatafuta, akaiona chupa ya tapentaini, akaiweka kando yake, na kipande cha pamba juu yake. Akamvutia Arpine kiti, kama muungwana.

"Basi futa, madamu. Tuone chini yake kuna nani. Kama hakuna mtu, nakwenda na huyu."

Arpine akaketi. Mgongo wake ulikuwa umeuelekea mlango, lakini alijua Insaf amesimama wapi. Aliisikia pumzi yake, nzito, ya mtu aliyepanda na kushuka ngazi maisha yake yote. Alimsubiri aseme neno. Atukane, aombe, ajifanye amezimia. Insaf hakusema neno.

"Mama," Vahe akasema. "Chini yake ni nani?"

Akaichovya pamba. Kufuta hakukutaka ufundi wowote. Mara moja, kutoka kushoto kwenda kulia, na kazi ya asubuhi nzima ikabaki kijivu kwenye pamba. Medhat akaichukua negatifu kabla haijakauka, akaweka kioo cha kukuzia jichoni.

"Nyusi zimeungana," akasema. "Ana masharubu. Nani huyu?"

Onnig alikuwa anatazama sakafu. Arpine alikuwa anatazama mikono yake.

Insaf aliliweka bakuli juu ya kiti, taratibu, asilimwage. Kisha akageuka, akaanza kukimbia kupanda ngazi.

"Mfuateni," Medhat akasema.

Walisikia kandambili, na nyuma yake viatu. Walisikia ghorofa ya kwanza, ya pili. Walisikia Insaf akilitaja jina la mwanawe mara moja, kwa sauti ambayo Arpine hakuwahi kuisikia kwake, nyembamba, ya msichana. Kisha mlango. Kitu kizito kilianguka juu ya vichwa vyao, labda kiti, labda cherehani.

Wagdi hakupigwa, angalau si pale. Walimshusha kati yao, ana kanzu ya nyumbani na kalamu bado iko mkononi. Mtu mmoja alimnyang'anya kalamu pale mlangoni akaiweka mfukoni mwake. Wagdi alipopita mbele ya duka aliangalia ndani. Hakuonekana ana hasira. Alionekana kama anataka kuuliza jambo, lakini wakampitisha.

Medhat alikuwa akivaa tarbushi mbele ya kioo cha wateja.

"Kuuchezea ushahidi ni kosa, madamu. Lakini umelirekebisha mwenyewe, nami nimesahau." Akaikunja ile picha kubwa. "Khawaja, Jumamosi saa tatu njoo na kibali chako. Usipange foleni. Ulizia jina langu."

Insaf alishuka baadaye kidogo, amevaa baibui lake jeusi la kutokea na koti la mwanawe mkononi. Kitambaa chake kilikuwa kimepinda. Arpine alikuwa amefika mlangoni.

"Dada," akasema.

Insaf alimpita kama mtu anavyopita nguzo. Akasimama mbele ya Vahe, ambaye alikuwa bado anasugua pale aliposhikwa kwapani.

"Vahe mwanangu, vaa viatu," akasema. "Twende tukajue ndugu yako wamempeleka wapi. Mimi peke yangu hawatanijibu."

Vahe alivaa viatu. Akashindwa kufunga kamba, akaziacha zikiburuta. Alilichukua lile koti mikononi mwa Insaf akaliweka begani mwake, na wakatoka wawili hao, yeye akimshika mwanamke yule kiwiko kwenye ukingo wa barabara. Hakugeuka nyuma.

Dukani, Onnig aliiziba chupa ya tapentaini. Akaifuta meza. Akaziokota zile nakala sita za gazeti, akazipanga zikalingana kingo, akatafuta pa kuziweka, hakupaona, akabaki nazo mikononi. Mteja mmoja alisukuma mlango na kikaratasi chenye namba, akaziona sura zao, akarudi nyuma akaufunga.

"Alisema Jumamosi saa ngapi?" Onnig akauliza, bila kumtazama.

Arpine alikuwa akinusa vidole vyake.

"Saa tatu," akasema.